Kuku wa manyoya ya hariri: kazi ya mtoto, dhamana ya mzazi

Boksi lilikuwa la sabuni, limetobolewa matundu pembeni kwa bisibisi. Baba aliliweka sebuleni juu ya gazeti, akamwita binti yake wa miaka tisa aje afungue mwenyewe. Ndani walikuwamo kuku wawili weupe, wasiofanana na kuku yeyote aliyewahi kuchakura katika ua ule wa Goba, pembezoni mwa Dar es Salaam. Manyoya yao yalikuwa kama pamba iliyochambuliwa. Miguu ilifunikwa na manyoya hadi vidoleni, kama iliyovaa soksi. Kichwani kila mmoja alikuwa na kishungi kilichoangukia macho.

"Baba, hawa ni kuku kweli?"

"Ni kuku. Si uliahidiwa ukiingia kumi bora?"

Mtoto aliwapa majina palepale: Pamba na Wingu.

Bibi, aliyekuwa amekuja mjini kwa matibabu ya macho, alisogea. Alimshika Wingu mguu akahesabu vidole. Vitano. Akapuliza manyoya ya kifuani, akaona ngozi ya rangi ya makaa. Akaurudisha mkono haraka. "Mjukuu wangu, kuku huyu ana mambo yake," alisema.

Mama hakusema lolote kuhusu vidole wala ngozi. Nyuma ya nyumba ana kuku 14, wa kienyeji na chotara, na mayai yao ndiyo yanayolipa nauli ya shule na madaftari. Aliuliza maswali mawili tu. "Wanataga mangapi? Na mvua ikinyesha watalala wapi?"

Familia hii ni ya mfano, lakini mzazi aliyewahi kukubali ombi la mtoto la kufuga ataitambua. Picha za kuku wa mapambo huzunguka kwenye simu, mtoto huziona, ombi huanza, na siku moja boksi hufika sebuleni. Maswali ya mama yalikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba yaliulizwa boksi likiwa limeshafika.

Ni kuku gani huyu?

Kuku waliokuwa ndani ya boksi wanaitwa Silkie, jina linalotokana na hariri. Asili yao inatajwa kuwa China, na si kuku wapya duniani. Msafiri Marco Polo, katika karne ya 13, alieleza habari za kuku wa Mashariki ya Mbali wenye manyoya kama ya paka. Nchini Marekani waliandikwa katika kitabu cha kwanza cha viwango vya aina za kuku mwaka 1874. Kwa Wachina ni kitoweo pia. Supu yake hupewa mzazi aliyejifungua au mtu anayeinuka kutoka kitandani baada ya ugonjwa.

Weusi ulioishtua familia una maelezo. Ngozi, nyama na hata mifupa ya Silkie ni myeusi kwa sababu ya melanini, rangi ileile inayotia weusi nywele na ngozi ya binadamu. Kuku wengi wanayo kidogo. Silkie ameirithi kwa wingi, nayo imesambaa hadi ndani ya mwili. Wala hayuko peke yake. Indonesia wana kuku mweusi wa namna hiyo anayeitwa Ayam Cemani, na India wana Kadaknath. Kidole cha tano nacho ni cha ukoo wake, kama kuchi anavyorithi urefu na kishingo anavyorithi shingo isiyo na manyoya.

Maelezo haya yana kazi katika nyumba. Kuku mweusi ana maneno yake mitaani, na mtoto atayasikia kwa jirani au shuleni. Baba wa Goba alifanya vizuri kutomcheka mama yake. Alikaa naye mkekani, akamweleza taratibu, na mtoto akisikia. Bibi aliitikia kwa "haya," ile haya ya mtu ambaye hajakubali bado. Mtoto alipata jibu la kuwapa wenzake, na heshima ya bibi haikuguswa.

Uzuri wenye gharama

Unyoya wa kawaida wa kuku umeundwa kama zipu. Nyuzi zake zina vishikizo vidogo vinavyoshikana, ndiyo maana mvua huteleza juu yake na bawa likapiga hewa. Unyoya wa Silkie hauna vishikizo hivyo. Nyuzi zinabaki huru, na huo ndio ulaini ambao mtoto anaupenda.

Lakini kila anachopendewa kuku huyu kinamgharimu. Hawezi kuruka, hivyo paka, nguchiro au mbwa wa jirani akiingia, hana pa kukimbilia. Manyoya yake hunywa maji kama taulo, na akilowa hupoteza joto upesi hata katika mji wa joto kama Dar es Salaam. Kishungi humziba macho, kwa hiyo hamwoni kuku mwenzake anayemjia kwa ubavuni. Na chini ya kishungi, wengi wao wana fuvu lililonyanyuka na lisilofunga sawasawa juu. Kudonolewa kichwani, jambo ambalo kuku mwingine angelipangusa, kunaweza kumuua au kumwacha akiyumba na kupinda shingo.

Kwa maneno mengine, mtoto hakuletewa kuku wa kawaida mwenye nguo nzuri. Aliletewa kiumbe dhaifu. Mzazi akilijua hilo mapema, mambo mengine yote hupangika.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni

Baba hakulijua. Jioni ileile aliwatia wageni katika banda la mama, pamoja na wale 14. Asubuhi Wingu alikutwa amejibanza nyuma ya ndoo, kishungi kimelowa damu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku wana ngazi zao za ukubwa, na kila anayeingia hupimwa kwa midomo. Kwa Silkie, asiyeona vizuri na mwenye kichwa laini, kipimo hicho ni kikali mno.

Mama alikasirika kwa sababu nyingine pia, na alikuwa na haki. Kuku wawili kutoka kwa mtu asiyemjua walikuwa wamelala usiku mzima na mtaji wake. Kama wangekuja na mdondo, ambao wengi huuita kideri, banda zima lingeweza kwisha ndani ya siku chache.

Utaratibu unaofaa si mgumu. Kuku wapya hukaa peke yao kwa wiki mbili hadi nne, mbali na wenyeji, wakiwa na vyombo vyao vya maji na chakula. Anayewahudumia huanza na kuku wa zamani, kisha huenda kwa wageni, na huosha mikono na viatu akitoka. Wakimaliza muda huo wakiwa wazima, huwekwa jirani na wenyeji, katikati kukiwa na wavu, waonane bila kuguswa kwa wiki nyingine moja au mbili. Wanapochanganywa huchanganywa mahali penye nafasi, palipo na vyombo viwili au vitatu vya chakula, na mtu mzima akiwapo.

Mwisho wa yote, nyumba nyingi huona ni heri Silkie wawe na kibanda chao. Si lazima kiwe cha fahari. Kinatakiwa paa lisilovuja, sakafu iliyoinuka kutoka ardhini, maranda makavu au pumba za mpunga, wavu wa matundu madogo, na mlango wenye komeo. Kibao cha kulalia kiwe chini sana, kiasi cha sentimita 30 au pungufu, kwa sababu hawapandi juu. Wengi hulala sakafuni, wamelundikana kama mito ya kitanda.

Maji yawekwe katika chombo chembamba, ili kishungi kisizame kila wanapokunywa. Manyoya ya kishungi yanayofunika macho yapunguzwe kwa mkasi, kazi ya mtu mzima, huku mwingine akimshika kuku. Mara moja kwa wiki manyoya ya kichwani, miguuni na kuzunguka sehemu ya haja yakaguliwe, maana utitiri na chawa hujificha humo na kinyesi hugandamana.

Baba alitumia siku mbili za mwisho wa wiki na mbao za zamani kujenga kibanda hicho. Ingekuwa rahisi zaidi kukijenga wiki moja kabla.

Chanjo si ya kuku wa biashara pekee

Baadhi ya wazazi hudhani kuku wawili wa mtoto hawahitaji mtaalamu. Virusi havihesabu idadi ya kuku.

Dhidi ya mdondo kuna chanjo ya I-2, ambayo hutiwa tone moja kwenye jicho moja na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, kwa maelekezo ya ofisa mifugo wa kata. Chupa moja hutosha kuku wengi, kwa hiyo majirani hufaidika wakichanga na kuchanja siku moja. Ndui na Gumboro nazo zina chanjo zake. Ratiba hutegemea umri wa kuku na eneo, na ofisa mifugo ndiye wa kuulizwa.

Kwa Silkie kuna la ziada: ugonjwa wa Marek. Wafugaji wa kuku hawa huuogopa sana, kwa kuwa aina hii hushambuliwa nao kwa urahisi. Dalili inayojulikana zaidi ni kupooza, mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma. Hauna tiba. Chanjo yake hudungwa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: walichanjwa Marek walipoanguliwa? Muuzaji asiyeelewa swali ameshajibu.

Kazi gani za mtoto?

Mtoto wa miaka mitano anaweza kumwaga chakula kilichopimwa na mama na kuokota yai. Wa miaka tisa anaweza kuosha chombo cha maji, kubadilisha maranda akiwa na mkubwa, na kuandika kwenye daftari siku ya chanjo na idadi ya mayai. Wa miaka 13 anaweza kumkagua kuku mzima na kumweleza mtaalamu alichokiona.

Yako mambo ambayo hayana mjadala. Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika kuku, banda au yai. Kuku habusiwi, hata akiwa laini kama pamba, kwa kuwa kuku mwenye afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela, na watoto walio chini ya miaka mitano huumizwa nao zaidi. Kuku haingii jikoni wala kitandani.

Binti wa Goba alipewa kazi tatu. Asubuhi maji, mchana mabaki ya mchicha, na magharibi kuwaingiza Pamba na Wingu ndani ya kibanda na kufunga komeo. Kazi hii ya tatu ilikuwa ya lazima, kwa sababu Silkie giza likiwakuta nje huchuchumaa palepale walipo. Kwa wiki kumi hakukosa hata siku moja. Jirani alianza kumwita "mama Pamba," naye akaitika.

Usiku wa mvua

Ilikuwa Aprili, masika yakiwa yamekolea. Jioni hiyo walikuja binamu zake, chakula kilichelewa, televisheni iliwaka, watoto wakalala wamechoka. Saa nane usiku mvua ilishuka.

Asubuhi mama alikuta mlango wa kibanda uko wazi. Pamba alikuwa ndani, mkavu. Wingu alikuwa amejikunyata kwenye kona ya uzio, tope hadi shingoni, macho yamefumbwa. Mama alifanya linalotakiwa. Alimfunga kwa khanga kavu, akabadilisha taulo baada ya taulo, akamweka karibu na joto la jiko mahali penye hewa, wala hakumlazimisha kunywa. Kuku aliyelowa akiwahiwa, mara nyingi hupona. Wingu hakuwahiwa. Kabla ya saa tatu alikuwa amekufa.

Mtoto alikuwa ameshaenda shule. Baba alimwambia mama kwa sauti ya chini, "Nikitoka kazini nitapita kwa yule aliyeniuzia. Anao wengine weupe. Hatajua."

"Na akijua?" mama aliuliza.

Baba alikaa kimya.

"Huyu anamjua Wingu kwa kucha zake, baba watoto. Akijua, hatatuuliza kuhusu kuku tena. Atajiuliza ni mangapi mengine tumembadilishia."

Wazazi wengi wamewahi kusimama mahali aliposimama baba. Nia yake haikuwa mbaya. Alitaka kumwondolea mtoto maumivu. Ila maumivu hayo ni ya kweli na ni ya umri wake, na nyumbani kwake ndiko mahali pazuri pa kuyapata kwa mara ya kwanza, akiwa na watu wa kumshika.

Jioni walimwambia. Hawakusema Wingu amelala, wala amesafiri. Walisema amekufa, na walisema kwa nini: alibaki nje, akanyeshewa, mwili ukapoa.

Mtoto alitazama chini. "Mimi ndiye niliyesahau komeo."

Hapo kuna makosa mawili yanayomnyemelea mzazi. La kwanza ni kumwambia, "Hapana, si wewe." Mtoto anajua kuwa ni yeye. Akiambiwa siyo, atajifunza kuwa wakubwa husema uongo mambo yakiwa mazito, na atabaki na kosa lake peke yake, hana wa kulizungumza naye. La pili ni kumwachia lote: "Umeona sasa? Nilikwambia." Mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba kifo kizima mgongoni.

Baba alisema, "Ulisahau, ni kweli. Na mimi nilikuwa hapa usiku kucha, nikaisikia mvua, sikwenda kuangalia. Kuku ni wako, lakini nyumba ni yangu. Komeo la usiku lilitakiwa liwe na macho mawili, yako na yangu. Langu halikwenda."

Ndipo mtoto akalia, na bibi akamvuta kifuani.

Wingu alizikwa siku hiyo nyuma ya mpapai, shimo refu, mbali na kisima. Kuku aliyekufa mwenyewe ni kibudu: haliwi, hatupwi jalalani, wala hapewi mbwa. Hufukiwa kina kirefu au huchomwa, ili kama kuna ugonjwa usisambae. Mtoto aliruhusiwa kuweka jiwe juu.

Tangu usiku ule utaratibu ulibadilika. Mtoto hufunga komeo magharibi. Baba, au mama baba akiwa safarini, hupita na tochi kabla ya kulala. Kazi haikunyang'anywa mtoto. Kumnyang'anya kungekuwa kumwambia haaminiki tena.

Mtamiaji

Kuku hapendi kukaa peke yake, kwa hiyo Pamba alitafutiwa wenzake. Mama alichagua matetea wawili wapole, akawaweka upande wa pili wa wavu kwa siku kumi, kisha akawafungulia. Safari hii hakuna aliyetoka damu.

Kisha Juni ikaingia na baridi yake, na Pamba akaacha kutoka. Alilala kwenye kona yenye maranda, amejitandaza kama chapati, mwili wa moto, akiguswa anatoa mlio wa kukaripia. Chini yake hapakuwa na yai hata moja.

Hiyo ndiyo sifa kubwa ya Silkie. Huatamia mara kwa mara, na akishaamua kuatamia hakubali kirahisi kuacha. Ndiyo sababu mayai yake ni machache, kama mia moja hivi kwa mwaka, wakati kuku wa kisasa wa mayai huweza kupita 280. Mama, aliyewahi kuuliza "wanataga mangapi," sasa alipata jibu lake, na halikumfurahisha. Alichukua ndoo ya maji amchovye ili aache, kama wengi wanavyofanya. Kwa Silkie hilo ni hatari, kwa sababu ileile iliyomuua Wingu.

Aliyemzuia alikuwa bibi. "Mwache. Mpe mayai."

Bibi mwenyewe alichagua saba kutoka kwa kuku wa kienyeji wanaokaa na jogoo: masafi lakini hayajaoshwa, hayajapita wiki moja, hayana nyufa. Akaweka alama kwenye kila yai kwa penseli ya mjukuu wake, ili kuku mwingine akitaga humo lijulikane na litolewe. Pamba alihamishiwa usiku kwenye boksi pana mahali tulivu, maji na chakula karibu. Mtoto alipewa kazi mpya: kuhakikisha mara moja kwa siku kuwa Pamba ametoka, amekula, amekunywa na amejisaidia, kwa kuwa mtamiaji wa aina hii anaweza kukonda kwa kusahau tumbo lake.

Siku ya saba, usiku, waliyapima mayai kwa tochi ya simu. Katika sita walionekana mishipa midogo myekundu kama mizizi. Moja lilikuwa tupu, likatolewa. Siku ya 21 walianguliwa vifaranga watano. Yai la sita lilikuwa viza.

Mama aliandika katika daftari lake: vifaranga watano, bila mashine, bila umeme. Silkie hulea vifaranga wa kuku yeyote, na huweza kuatamia hata mayai ya bata au kanga, ambayo huchukua takriban siku 28. Kwa nyumba yenye kuku wa kienyeji, faida ya kuku huyu iko hapo. Hakuna atakayetajirika kwa mayai yake, lakini mama aliyemwona kama mdomo wa ziada sasa alikuwa anamhesabu kwenye mtaji.

Wiki chache baadaye alikuja mgeni, ndugu wa baba kutoka bara, na kama ilivyo desturi ilibidi kuku achinjwe. Mgeni aliangaza macho uani, akamwona Pamba. "Na yule mweupe mnono?" Kabla mtoto hajafungua mdomo, bibi alijibu, "Kuku mwenye watoto halengwi jiwe." Akachinjwa jogoo chotara. Bibi ndiye yule aliyewahi kuurudisha mkono wake haraka.

Kabla ya kufungua boksi

Mzazi aliyeombwa kuku wa mapambo anaweza kujiuliza maswali machache kabla ya kutoa ahadi.

Je, kipo kibanda kikavu, chenye wavu na komeo, kilicho tayari leo? Kujenga baada ya kununua ni kumlaza mgeni njiani.

Je, watanunuliwa wawili au zaidi? Mmoja atateseka kwa upweke.

Je, muuzaji anaweza kueleza chanjo walizopata na umri wao? Na je, amesema ukweli kuhusu jinsia? Silkie wachanga ni vigumu sana kutofautisha jogoo na jike, na mara nyingi ukweli hujulikana siku wanapowika au kutaga. Jogoo anayewika saa kumi alfajiri ana majirani.

Je, serikali ya mtaa inaruhusu ufugaji katika eneo hilo, na kwa masharti gani?

Je, familia imekubaliana mapema kama kuku huyu ni wa kuchinjwa au la? Ni heri mtoto aambiwe ukweli siku ya kwanza kuliko aujue siku ya mgeni.

Swali la mwisho ndilo zito. Ni mtu mzima gani, kwa jina, atakayepita na tochi kila usiku? Kama hakuna, mtoto apewe mche wa mchicha kwanza, na kuku wasubiri mwaka mwingine.

Goba, siku hizi giza likikaribia, binti hutoka na kuwahesabu: Pamba, matetea wawili, vifaranga watano ambao sasa wamemzidi mama yao mbio. Husukuma komeo, hulitikisa mara mbili, kisha hurudi ndani na kumwambia baba yake, "Nimefunga." Baba huitika, "Asante." Saa nne, wengine wakiwa wameshalala, huchukua tochi na kwenda kuangalia.